Muuza genge hajui koroma! Tukumbushane maneno ya kibarazani na maisha ya utotoni Dar

Mleta mada

Wakuu habari za jioni.

Juzi Jumapili shangazi yangu alikuja kututembelea katokea Kisarawe, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Katandika mkeka wake kibarazani, kawasha jiko la mkaa, anachoma muhogo. Akamwita binti yangu wa darasa la sita, "mjukuu wangu, hebu nenda hapo gengeni kaniletee koroma moja nitafunie muhogo". Mtoto kaenda, karudi mikono mitupu, anasema "bibi, muuza genge kasema kama kuna mtu anakoroma ndani mumlaze ubavu".

Mi nilicheka mpaka nikapaliwa. Shangazi hakucheka. Aligeuza muhogo wake taratiiibu halafu akaniuliza, "hivi huyu mtoto unamlea au unamfuga?"

Muuza genge simlaumu, ni kijana wa Njombe, kwao kuna viazi na mahindi, nazi kaijulia hapa hapa Dar. Ila binti yangu kazaliwa Temeke, baba yake kazaliwa Temeke, bibi yake Mzaramo wa Kisarawe, na yeye anajua vitu viwili tu, dafu la kunywa na nazi ya kupikia. Usiku nikamkalisha nikamwambia sikiliza, mnazi ukianza kubeba kinatoka kidaka, kikikua kinakuwa kitale, halafu dafu, dafu likipitiliza nyama ikawa ngumu ila maji bado yamo hilo ndo koroma, koroma likikomaa ndo nazi, na nazi ikikaukia humo humo ndani ya kifuu ni mbata. Kanisikiliza vizuri kabisa akaniuliza, "kwa nini wasiseme tu nazi ndogo na nazi kubwa?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia kalale.

Basi usingizi ukakata nikaanza kukumbuka nyumba yetu ya Tandika. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, uani choo na bafu na jiko la makuti. Mwenye nyumba bibi yangu. Wapangaji kila chumba na kwao. Chumba cha kwanza Wamakonde, cha pili mama mmoja wa Tanga mpika vitumbua, mkabala nao fundi cherehani wa Kigoma, na mwishoni kabisa Mchaga aliyekuwa na kiduka cha mafuta ya taa na chumvi. Sasa ile taa ya kopo yenye utambi, sisi ni kibatari, yule Mchaga ni koroboi. Ndala za bibi ni kandambili, na mpaka anaingia kaburini hajawahi kutamka ndala. Chai isiyo na maziwa, siku hizi mnaiita chai ya rangi, bibi ni chai ya mkandaa, kwa sababu inakaa na wekundu ule ule wa maji ya magome ya mkandaa waliyokuwa wanatilia rangi. Mkate wa kukata ni slesi, mama wa Tanga yeye ni boflo. Watoto tulikuwa tunaongea vyote. Ukiingia chumba hiki unabadilisha neno ukitoka unarudisha la kwenu, na hakuna aliyetufundisha.

Kazi yangu mimi kila siku saa kumi ilikuwa kukuna nazi. Unakalia mbuzi, chini sinia, unakuna mpaka unafika kwenye weusi wa kifuu ambapo bibi anapiga kelele "weee usinitilie magaga!" Halafu nazi iliyokunwa inatiwa maji, inaingia kwenye kifumbu, unakamua, tui la kwanza linawekwa pembeni kabisa huko, ole wako uliguse, tui la pili na la tatu ndo linaanza kuchemshia. Maji ya nazi yenyewe tulikuwa tunagombania na bibi anatutishia wanaume mkiyanywa sana mtapata busha. Tulikunywa. Mpaka leo salama.

Sasa hivi nyumbani kwangu nazi inaingia kwenye blenda, dakika mbili tayari, na kuna siku mke wangu analeta ya unga kwenye pakiti. Kifumbu hakuna. Upawa wa kifuu hakuna, kata ya kuchotea maji mtungini hakuna na mtungi wenyewe hakuna. Nimegundua neno halifi lenyewe wakuu, kinaanza kufa chombo. Huwezi kumfundisha mtoto neno kifumbu wakati hajawahi kupigwa nacho mgongoni.

Karibuni. Leteni ya mtaani kwenu, maneno, michezo, vyakula, chochote. Wa mikoani na visiwani pia mje.

Mdau wa Mbagala

Umenikumbusha mbali mkuu, mbuzi! Mi nina kovu la mbuzi kwenye kidole gumba mpaka leo. Ila hapo kwenye kufa nakupinga kidogo. Maneno yamekufa huko kwenu mlikojenga mageti, njoo Mbagala, nenda Chanika, Kongowe, pita uani saa kumi jioni uone kama hujasikia mtu anakuna. Kifumbu cha ukindu kinauzwa mpaka leo. Tatizo lako umehama.

Mleta mada

Mkuu hapo umenipata. Nimehamia Goba.

Mdau wa Mbagala

Sasa unategemea koroma Goba?? 😂

Mdau wa Moshi

Mimi ndo huyo Mchaga wa koroboi, sio yule wa nyumbani kwenu lakini wa jamii hiyo hiyo. Nilikuja Dar 1998 niko darasa la nne, kwa baba mdogo Buguruni. Siku ya kwanza nimekaa nje naona watoto wadogo kabisa, wengine hawajafika hata miaka sita, kofia kichwani, wanapita makundi kwa makundi. Nikamuuliza mmoja tunalingana nae, mnaenda wapi? Akasema "tunaenda chuo". Aisee! Kwetu chuo ni mtu kamaliza kidato cha sita, anavaa miwani, akirudi likizo anachinjiwa. Nikajiambia kumbe Dar watu wana akili hivi, mtoto wa miaka sita yuko chuo na mimi darasa la nne kusoma kwenyewe nababaisha. Nilikaa na unyonge ule kama wiki mbili hivi, siulizi mtu, mpaka siku nikasikia kelele za watoto kwenye kijumba cha pembeni ya msikiti wanasoma alif be te, na mwalimu ana bakora ndefu anamfikia mpaka wa nyuma bila kuinuka. Ndo nikaelewa chuo cha Dar ni madrasa. Nikashukuru Mungu mimi ni Mlutheri.

Na daladala ndogo kwetu ni vifodi, Dar nikakuta wanaita vipanya. Nilivyosikia mara ya kwanza "panda kipanya" niliona ni matusi.

Mdau wa Magomeni

Hahaaa Mchaga umeniua. Chuo bwana! Sisi tulikuwa asubuhi shule, mchana chuo, jioni mpira, siku ikiisha umepigwa na watu watatu tofauti. Na mwalimu akikuona haumtoshi kwa bakora za kukaa anaita wakubwa wanne, mzegamzega, mikono huku miguu kule unaning'inia kama ng'onda. Na ukirudi nyumbani ukashtaki unaongezewa.

Niongezee mdundiko. Hivi kuna mtu alikulia Dar hakuwahi kupotea kwa mdundiko? Ngoma ya Wazaramo ile, kuna mwali anatolewa au kuna harusi, inaanza mtaani kwenu, inatembea, nyie watoto mnafuata kwa nyuma mnacheza na hamuoni mnapoenda. Mimi nilitoka Magomeni Mapipa nina kaptula tu, tumeenda tumeenda tumeenda, ngoma inanoga, kuja kushtuka watu wanatawanyika na mimi niko Manzese sijui hata kulia ni wapi kushoto ni wapi. Mama mmoja muuza mihogo akaniuliza "we mtoto wa nani?" nikasema wa mama. Kwenu wapi? Kwa mama. Akanikalisha pembeni ya karai lake, akanipa muhogo na kachumbari, jioni kaka yangu akanikuta hapo nimeshiba. Kipigo nilichopata nyumbani kilikuwa na mdundo ule ule wa ngoma.

Mdau wa Unguja

Assalam aleikum. Nimepita kimya kimya nikaona visiwani tumealikwa.

Nyinyi wa Dar mna haki ya kulia lakini msijifanye nyinyi ndo wenye lugha. Mimi nilipokuja kusoma huko nilikwenda sokoni nikaomba tungule fungu moja, muuzaji ananitizama tu. Tungule! Nikaoneshea kidole, akasema "aah nyanya", nikashangaa kwa sababu kwetu nyanya ukimtaja hujataja mboga, umemtaja bibi. Nikaomba mbatata, akauliza ndo nini hiyo, kumbe viazi. Nilirudi bwenini nimenunua chumvi peke yake kwani chumvi haina ubishi.

Na huo mchezo wenu wa rede sisi twaita nage.

Dada wa Kinondoni

Rede!!! Naomba nipewe nafasi wanaume mkae pembeni. Mi nilikuwa bingwa wa rede mtaa mzima. Kwa watoto wa elfu mbili ambao hawajui, wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi, wewe uko katikati unakwepa na wakati huo huo unajaza mchanga kwenye chupa, ukiguswa na mpira umetoka. Kujaza chupa ile huku unaruka sio kazi ya kitoto. Nilichana gauni la sikukuu kwenye rede, la sikukuu, Idi mosi, hata Mnazi Mmoja sijafika, na mkono wa Idi niliokuwa nimeshakusanya mama akauchukua akasema ndo wa kushonea gauni. Sijamsamehe na ni marehemu, Mungu amrehemu.

Mdako je? Kashimo kadogo, kete zimo ndani, unarusha moja juu unatoa zingine kabla haijarudi. Kucha zote zinaisha. Na kombolela jamani, kombolela ya usiku wakati umeme umekatika, hiyo ndo ilikuwa raha yenyewe.

Mdau mdogo

Wazee shikamooni. Kombolela ndo nini, ni kama kujificha tu?

Dada wa Kinondoni

Marahaba mwanangu. Sio kujificha tu. Kuna kopo. Mmoja analipiga teke mbali, anayetafuta analifuata analirudisha mahali pake, wakati huo nyie mnajificha. Akikuona anakutaja jina anagusa kopo, umekamatwa unakaa mateka. Lakini mmoja aliyebaki akichomoka huko alikojificha akalipiga kopo teke kabla ya mtafutaji, mateka wote huru, mchezo unaanza upya, na yule anayetafuta analia kwa sababu keshachoka. Mimi naona jina lenyewe limetoka kwenye kukomboa.

Mdau wa Moshi

Kuna jamaa mtaani kwetu alitafuta kuanzia magharibi mpaka watu wakaenda kulala wakamuacha anatafuta. Sio utani.

Mdau wa Tanga

Mama wa vitumbua namuona kama namjua vile, hao ndo watu wetu, tumewalisha sana nyie watu wa Dar. Niongeze upande wa bahari. Hivi visamaki mnaviita dagaa mchele, kuna wazee kwetu ukiwaambia dagaa wanakwambia dagaa wa Kigoma, huyu ni uono. Na makopa, mihogo iliyokaushwa, inatwangwa inasongwa ugali wake bada. Nani mtoto wa Dar leo anakula bada kwa papa wa nazi? Akiona papa mkavu anasema nyumba inanuka.

Ila jamani mleta mada, nazi mbona hujamaliza. Joya umeliacha wapi?

Mleta mada

Joya nililisahau kweli! Ile nazi unavunja kwa matumaini yote unakuta ndani maji hakuna, kuna kitu kama sponji. Watoto tunashangilia, bibi ananuna kwa sababu mboga imekosa tui. Kwetu ilikuwa ikitoka joya kila mtu anapewa kipande kwa umri, kuanzia mdogo, na fundi cherehani wa Kigoma na utu uzima wake wote alikuwa anakuja kupanga foleni na sisi.

Mdau wa Magomeni

Tuhamie kwenye matunda maana naona mnaning'inia kwenye mnazi tu. Kungu! Ile miti ya kivuli ya barabarani, unaokota kungu, unakula nyama ya juu halafu unagonga kokwa kwa jiwe kupata mbegu ndogo kama punje. Zambarau mpaka ulimi wa bluu mwalimu anajua ulikuwa wapi. Kunazi. Dunge. Embe ng'ong'o kwa chumvi na pilipili. Ubuyu mwekundu wa kwenye kifuko cha malboro.

Maana hata mifuko ya plastiki ilikuwa na majina, ile midogo malboro, ile mikubwa rambo, na hakuna hata mmoja mtaani aliyekuwa anajiuliza kwa nini. Ilipopigwa marufuku Juni 2019 ndo nikajikuta nauliza muuzaji "una rambo?" na yeye anaangalia nyuma kama naulizia bangi.

Mdau wa Posta

Mnasema maneno yanakufa, majina ya mitaa yenyewe ni kamusi. Mabibo ni mabibo ya mikorosho. Mikocheni ni mikoche. Mwananyamala ni Kizaramo, mwana nyamala, mtoto nyamaza. Kariakoo ni kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza, wazee wakalitamka wanavyoweza na likakaa. Hata daladala, wazee wanasema nauli ilikuwa shilingi tano na sarafu ya shilingi tano mtaani ni dala, konda analia "dala dala" basi. Mi nimepanda chai maharage, zile pikapu zenye mabenchi mnakaa mnatazamana magoti yanagongana na mtu wa mbele yako ana kapu la samaki wa Feri. Na basi la Ikarusi la UDA, lile shirika la usafiri Dar, kumbakumba, lile refu linalokunjika katikati, watoto tulikuwa tunagombania kusimama pale kwenye mkunjo.

Mdau mdogo

Nimecheka ila naomba kuuliza kwa heshima, hizi jero, buku, msimbazi za kwetu za kuitia hela nazo si maneno? Mbona wazee huwa mnayaita ya kihuni? Dala yenu ilikuwa slengi tu ya wakati wenu.

Mdau wa Posta

Kijana una hoja mbaya sana, sijapenda.

Mleta mada

😂😂 Huyo mtoto kaongea kitu. Hata bibi yangu ndala alikuwa anaona ni maneno ya wahuni. Na kaka zake mama walivaa raizoni, vile viatu vya soli nene, na mtumba wao wanaita kafa Ulaya, sijui na wao walikuwa wanatukanwa na babu yao.

Ila tofauti naiona moja. Buku hata mama ntilie anaijua, hata yule kijana wa Njombe gengeni anaijua, inazunguka mjini mzima. Koroma ilikuwa inajulikana na mtu anayeangalia mnazi kila siku. Sisi Tandika uani tulikuwa na minazi miwili, bibi akiinua macho tu anasema lile bado kitale, lile mwachieni keshokutwa. Ile minazi ilikatwa walipogawana urithi, pakajengwa fremu nne za maduka. Mi mwenyewe nilisaini. Fremu moja ni saluni, nyingine wanatengeneza simu, mbili sikumbuki. Kodi inakuja kila baada ya miezi sita na nakula, sisemi uongo.

Dada wa Kinondoni

Pole kaka. Kwetu ulikatwa mzambarau.

Mdau wa Unguja

Sasa bwana wee, tusikae tukalia. Shangazi alipata koroma lake au hakupata?

Mleta mada

Hakupata mkuu. Nilimpigia muuza madafu wa Mbezi anayepitaga na baiskeli, akasema yake yote yameshauzwa kwenye harusi. Shangazi kala muhogo wake mkavu na chai ya mkandaa, hakusema kitu, na nyie mnajua mtu mzima akinyamaza inakuwaje. Jumamosi namrudisha Kisarawe na binti anaenda nae likizo nzima, shangazi kashasema hataki kusikia habari ya simu. Kaniahidi gunia zima, madafu, makoroma, nazi, nichague mwenyewe.

Sasa shida yangu moja, mbuzi ninayo ya urithi wa bibi ila meno yameisha kabisa. Nani humu ana mbuzi niazime wiki moja?

Mdau wa Moshi

Ninao wawili mkuu, dume na jike. Unataka yupi?

Mdau wa Mbagala

Mtoeni huyu Mchaga humu jamani 😂😂

Mkuu njoo Mbagala Rangi Tatu nikuelekeze fundi anayenoa, ila njoo mapema kabla foleni haijaanza.